Nilale Wapi Nikija Nairobi? Kabla Ufuate Ushauri wa Mtu, Muulize Alikuja Tao Kufanya Nini

Kuna swali moja huwa linaingia kwa kila group ya WhatsApp, iwe ya familia, ya chama ama ya wasee mlisoma nao high school: "Nakuja Nairobi wiki ijayo, nilale wapi?"

Dakika tano hazijaisha na majibu yamejaa. Mmoja anasema Westlands, huko kuna raha. Mwingine anasema Kilimani, kuna keja safi za kukodisha kwa siku. Uncle fulani ambaye mara ya mwisho alilala tao ilikuwa enzi za mabasi ya KBS anakushow River Road kuna lodging ya bei poa. Halafu kuna yule wa "wewe kuja tu, tutapanga." Huyo ukifika stage na bag yako, simu yake ni mteja.

Manze, hakuna hata mmoja anakudanganya. Shida ni kwamba kila mtu anakupea Nairobi yake. Aliyekuja kuparty anakupea Nairobi ya kuparty. Aliyelipiwa na kampuni anakupea Nairobi ya kulipiwa. Na wewe unakuja na shida yako, na doh zako zenye umehesabu mara tatu.

Nimeamua tuongee hii maneno juu sasa si ya watu wa shags pekee. AFCON ya 2027 inakuja Kenya, Uganda na Tanzania, na mashabiki watakuja hapa na hilo swali. Tukiwajibu venye tunajibu cuzo zetu, kuna watu wataumia.

MTI WA PALE STANLEY

Nairobi imekuwa na hii story ya wasafiri kushauriana kwa miaka mingi. Pale hoteli ya Stanley, kona ya Kimathi Street na Kenyatta Avenue, kuna mkahawa unaitwa Thorn Tree. Jina linatoka kwa mti wa mgunga uliokuwa hapo ndani. Enzi hizo hakuna simu za mkononi, wasafiri walikuwa wanabandika vikaratasi kwa huo mti. Mwenye ametoka Cape Town na gari anaacha ujumbe kwa mwenye anashuka kutoka Cairo: niko hapa, naondoka siku fulani, ukifika nitafute.

Huo mti ulipata jina mpaka Lonely Planet, ile kampuni ya vitabu vya safari iliyoanzia Australia, ikachukua jina Thorn Tree kwa ukumbi wake wa mtandaoni wa wasafiri kuulizana maswali. Kwa hivyo ukisikia mtu anasema Wakenya hawajui mambo ya kupendekezeana pa kulala, mshow dunia ilikopa jina kutoka tao yetu.

Lakini cheki kitu moja kuhusu hivyo vikaratasi. Mwandishi alikuwa na jina. Ulijua anatoka wapi na anaenda wapi. Ungeweza kupima kama safari yake inafanana na yako kabla ufuate maneno yake.

Leo unaona video ya sekunde thelathini: kitanda cheupe, taa za rangi, balcony yenye inaangalia majumba ya tao, halafu mtu anasema "hapa ndio noma sana Nairobi." Hujui alilipa ama alilala bure. Hujui kama alifika usiku ama mchana. Hujui hata kama alilala hapo kweli ama alirekodi akaishia kwao Umoja. Kile kikaratasi cha mti kilikuwa na habari nyingi kuliko hiyo video.

Chukua mfano wa Giraffe Manor pale Lang'ata. Ni nyumba ya kweli, twiga wanaingiza shingo kwa dirisha ukikula breakfast, na picha zake zimezunguka dunia nzima. Ni mahali pazuri, sina ubishi. Lakini bei ya usiku mmoja pale ni rent ya bedsita kwa miezi mingi. Kama umetoka Busia na mathe wako ana appointment ya hospitali Alhamisi saa mbili asubuhi, hiyo video haijakusaidia na chochote.

MSAFIRI NI NANI KWANZA?

Tukisema "msafiri", wengi wetu tunaona mzungu na bag kubwa mgongoni. Huyo yupo, na Nairobi imemjengea. Wa hema na bei ya chini wanajua Wildebeest Eco Camp kule upande wa Lang'ata na Karen. Wanafunzi na watu wa semina wanajua YMCA pale State House Road. Hao wana majibu yao tayari.

Lakini simama asubuhi Machakos Country Bus ama Nyamakima ucheki nani anashuka. Ni mama na mtoto wameshika barua ya rufaa ya Kenyatta. Ni kijana ana suti kwa paper bag, ana interview kesho. Ni msichana anaenda kufanya medical ya kazi ya Saudi. Ni mfanyabiashara kutoka Kitui amekuja kubeba mzigo Kamukunji. Hao ndio wasafiri wengi wa hii tao, na ni wachache sana wanaowarekodia video.

Kwa hivyo tufanye hivi. Tusahau mtaa gani ni "poa". Tuanze na kilichokuleta.

Kama umekuja hospitali. Hospitali ya Kenyatta iko upande wa Upper Hill, na huko Upper Hill kumejaa kliniki na maofisi. Ukilala Kasarani juu ya bei, utaamka saa kumi usiku upande mat mpaka tao, halafu upande ingine, na una mgonjwa. Afadhali ulipe kidogo zaidi ulale karibu. Nyumba za wageni za makanisa zimesaidia watu wengi sana upande huu. ACK Guest House pale Upper Hill ni moja inayojulikana. Hizi za kanisa hazina mbwembwe, ziko na sheria zao, lakini kuna chakula, kuna kimya, na kuna mtu kwa mapokezi. Mgonjwa anahitaji kimya kuliko balcony.

Kama umekuja kwa pasi Nyayo House ama ofisi yoyote ya serikali. Lala tao ama karibu sana na tao. Foleni haitakungoja utoke Kitengela.

Kama una interview ya viza ubalozi wa Marekani. Huo uko Gigiri, United Nations Avenue, na si karibu na tao venye watu hudhani. Kuna wasee wanalala River Road halafu wanashangaa asubuhi venye Limuru Road imefungana. Ruaka iko hapo mbele tu kwa barabara hiyo hiyo, upande wa Kiambu, na imejaa fleti za bei ya kawaida kuliko Gigiri yenyewe.

Kama umekuja kubeba mzigo. Eastleigh, Kamukunji na Gikomba zinaamka mapema na bei nzuri iko mapema. Wafanyabiashara wa kutoka Garissa, Kampala mpaka Juba wanajua Eastleigh kuna hoteli zimekaa juu na karibu ya maduka kabisa: unashuka ngazi, unanunua, unapanda na mzigo wako. Chakula ni halali, msikiti uko karibu, na mizigo haizunguki tao yote. Mtu wa Kilimani hawezi kukupendekezea Eastleigh juu yeye hajawahi kubeba bale.

Kama una ndege ama treni ya mapema. Stesheni ya SGR iko Syokimau, si katikati ya tao, na JKIA iko upande huo huo wa Mombasa Road. Watu wanalala Westlands halafu wanatoka mbio saa tisa usiku. Ukiwa na doh ya taxi na ya kulipia Expressway, hiyo barabara ya kilomita 27 kutoka Mlolongo mpaka Westlands iliyofunguliwa 2022, utafika. Ukiwa huna, lala Syokimau, Embakasi ama Mlolongo. Mlolongo kumekuwa na lodging za madereva wa malori tangu zamani. Si mahali pa kupiga picha, lakini utaamka ukiwa umeshafika.

Kama umekuja mechi. Kasarani iko Thika Road, kwa hivyo Roysambu na Kasarani yenyewe ziko na vyumba tele. Lakini uwanja mpya wa Talanta uko upande wa Ngong Road, ng'ambo ya pili kabisa ya tao. Mgeni wa AFCON akiambiwa "Nairobi ni Nairobi tu", akalala Roysambu na mechi yake iko Talanta, ataona nusu ya pili kwa simu akiwa kwa jam.

Umeona? Mtaa mmoja ni dawa kwa huyu na ni adhabu kwa yule.

BEI YENYE HAWAKUAMBII

Watu wakipendekeza mahali, wanataja bei ya chumba. Hiyo ni nusu ya hesabu.

Tuseme umepata kakeja mbali na shughuli yako kwa thao moja na nusu, badala ya chumba karibu kwa thao mbili na nusu. Umeokoa thao moja, sivyo? Sasa ongeza mat mbili kwenda na mbili kurudi. Ongeza boda kutoka stage mpaka kwa gate juu ni usiku. Halafu mvua inyeshe, na Nairobi mvua ikinyesha makanga anapandisha fare hapo hapo. Soo inakuwa soo mbili na hakuna mtu wa kumuuliza. Mkiwa wawili, ile thao umeokoa imeishia kwa barabara, na umepoteza masaa manne.

Halafu kuna maji. Mitaa mingi ya Nairobi inapata maji ya kaunti kwa mgao, siku fulani kwa wiki. Nyumba yenye tangi kubwa ama kisima hutasikia kitu. Nyumba bila hivyo utaoga na jagi. Mwenye kutangaza nyumba hatakuambia bila kuulizwa, kwa hivyo uliza: "Maji hapo huwa aje?" Akianza kuzunguka, umeshapata jibu.

Na kuna kelele. Westlands, Kilimani na Roysambu kuna fleti zimepakana na club, na muziki haulali mpaka asubuhi. Mitaa mingine ni kesha ya kanisa na spika imeangalia dirisha lako. Mwenye alikuja kuparty aliipenda hiyo nyumba kwa sababu hiyo hiyo yenye itakukosesha usingizi kabla ya interview.

KWA NINI KILA MTU ANA "AIRBNB" SIKU HIZI

Wakenya tumefanya Airbnb kuwa jina la kila nyumba ya kukodisha kwa siku, hata yenye mwenyewe hajawahi kuiweka kwa hiyo app. Anapiga picha nne, anaweka kwa status ya WhatsApp, basi ana "Airbnb".

Na sababu ya wao kuwa wengi ni hesabu. Mfano: keja ya one bedroom yenye mpangaji wa kawaida angelipa elfu 25 kwa mwezi. Ukiiweka kitanda, TV na Wi-Fi, ukaikodisha thao tatu kwa usiku, na ipate wageni siku 15 pekee, hiyo ni elfu 45. Toa stima, usafi na sabuni, bado umebaki mbele. Vijana wengi wa rika yangu wanafanya hii kazi, na wengine nyumba si yao. Wamekodisha kwa landlord halafu wanakodisha kwa wageni. Sisi wenye hatukumaliza campus tunajua venye kazi za ofisi zimekuwa hadithi, siwezi kumlaumu mtu ametafuta njia.

Kwa msafiri pia kuna faida. Familia ya watu watano iliyokuja graduation ikichukua vyumba vya hoteli, mfuko umetoboka. Ikichukua keja moja na jikoni, wanapika ugali wao, wanagawana bei, maisha yanaenda.

Wakati huo huo hoteli kubwa za katikati ya tao zimepungua. InterContinental ilifunga 2020. Hilton, ile ya mnara wa mviringo uliokuwa hapo tangu 1969, ilifunga mwisho wa 2022. Hoteli mpya nyingi zimeenda Westlands na Upper Hill. Watu wa kati, wenye hawawezi hoteli kubwa na hawataki lodging ya kulipa kwa saa, wakajikuta kwa hizi fleti.

Shida ni kitu kimoja hoteli iko nacho na fleti nyingi hazina, na hakionekani kwa picha: mtu wa mapokezi.

JANUARI 2024

Mwanzoni mwa Januari 2024, mwanamke aliuawa kwenye nyumba ya kukodisha kwa siku South B. Katikati ya mwezi huo huo, mwanamke mwingine, msichana wa chuo, aliuawa kwenye nyumba ya aina hiyo Roysambu. Nchi ilishtuka. Tarehe 27 Januari watu walijaa barabarani Nairobi na miji mingine kuandamana juu ya mauaji ya wanawake.

Unakumbuka venye mtandao uliongea? Watu wengi waliuliza: "Alikuwa anaenda kufanya nini huko?" Hilo swali lilikuwa chafu na bado ni chafu. Mtu kuingia kwa nyumba si kosa. Aliyeua ndiye mwenye kosa, na si kitanda wala mtaa wala nguo.

Swali la maana lilikuwa: nani alijua nani ameingia? Ukienda hoteli ya kawaida, hata ile ndogo ya tao, unaandikwa jina na namba ya kitambulisho. Hoteli kubwa, hasa baada ya Westgate 2013 na shambulio la DusitD2 Januari 2019, zinakukagua bag na gari kabla uone hata mlango. Lakini kwa keja nyingi za kukodisha, mmoja analipa kwa simu, ufunguo unaachwa kwa kisanduku ama kwa soja wa gate, na mwenye nyumba yuko Thika ama Dubai. Anayejua kuna watu wangapi ndani ni hao wenyewe.

Serikali ilisema wenye hizi nyumba wajiandikishe na TRA, ile mamlaka ya kudhibiti utalii iliyoundwa na Sheria ya Utalii ya 2011. Fiti. Lakini jiulize wewe: mara ya mwisho ulikodisha keja ya siku, uliulizwa kitambulisho? Cha wote mlioingia ama cha aliyelipa pekee? Na uliona namba ya leseni mahali popote?

Kuna kitu kingine kinachekesha na kuhuzunisha. Kuanzia Januari 2024 Kenya iliondoa viza na kuleta kibali cha eTA, na kwa hiyo fomu mgeni anaulizwa atalala wapi kabla hata apande ndege. Yaani mgeni kutoka Ufaransa anajulikana atalala wapi tangu akiwa kwao. Lakini msichana wa Kakamega akija Nairobi siku mbili, hakuna mtu anajua isipokuwa beshte yake aliyetumiwa location, kama alikumbuka kutuma.

Sisemi serikali ianze kuandika Wakenya kila wakipanda basi, hiyo tutakataa. Nasema kazi ya kujua nani ameingia ni ya mwenye kupokea pesa ya chumba. Hiyo ni sehemu ya bei. Mtu akichukua thao tatu zako kwa usiku, amechukua pia jukumu la kujua uliingia na ukatoka.

NYUMBA YENYE HAIKO

Kuna hatari ingine ndogo lakini inauma. Mwaka jana cuzo wangu alikuja Nairobi na mabeshte watatu kwa harusi. Walipata keja safi kupitia ushauri wa mtu wa group, mwenye naye alipewa namba na mtu mwingine. Wakatuma nusu ya pesa kama dipositi. Walipofika Kilimani saa tatu usiku, soja wa gate akawashow hiyo nyumba namba haiko. Jengo lina ghorofa nane na wao wameambiwa ya kumi na moja. Namba ikazimwa. Picha zilikuwa za nyumba ya kweli, lakini mahali pengine kabisa.

Nilipouliza yule wa group alijuaje hiyo nyumba, hakuwahi kulala hapo. Hakuna hata mmoja kwa hiyo laini ya watu watatu aliyewahi kulala hapo. Kila mmoja alikuwa anapitisha namba tu, na kila mkono ilipopitia iliongezewa "ni poa sana, niamini." Ushauri ulikuwa mtamu na hauna mwenyewe.

Hapo ndipo vikaratasi vya Thorn Tree vinatushinda. Kupendekeza ni kuweka jina lako. Ukimwambia mtu "lala pale", umesema kitu kuhusu usiku wake, mlango wake na pesa zake. Kama hukulala hapo, sema tu "nimesikia". Haikupunguzii kitu.

SASA TUFANYE AJE?

Ukiulizwa swali la WhatsApp, usianze na jina la mtaa. Uliza kwanza: unakuja kufanya nini, saa ngapi, na nani? Ukishajua hivyo, ndio utaje mahali, na useme vitu vinne. Ulilala hapo lini. Ulilipa ngapi. Nani alikufungulia mlango. Na kitu gani hukupenda. Hicho cha nne ndicho muhimu. Ushauri ambao hauna ubaya hata mmoja ni tangazo.

Ukiwa wewe ndiye unatafuta, omba mwenye nyumba akupigie video akiwa hapo hapo, aanze kwa gate mpaka kwa kitanda. Wa kweli hakatai. Kama anaweza kukubali ulipe ukifika, lipa ukifika. Muulize kama ana leseni ya TRA, na uliza soja wa gate ama caretaker kama anaijua hiyo nyumba. Ukiingia, tumia mtu wako location, jina la jengo na namba ya nyumba, si "niko Kilimani" tu. Kilimani ni kubwa. Hii si ya madame pekee. Wasee pia wanawekewa dawa na kuporwa, wengi wananyamaza juu ya aibu.

Ukiwa una hizo nyumba, andika kila mtu anayeingia. Weka kamera kwa korido na kwa gate, usiweke ndani. Ndani ni kwa mgeni. Weka leseni yako kwa mlango na kwa tangazo. Mgeni mzuri hatatoroka juu ya kuulizwa kitambulisho. Mwenye atatoroka, wacha aende.

Na kwa wakubwa wa kaunti na wizara: mmeleta AFCON, asanteni. Sasa fanyeni iwe rahisi kwa mtu wa kabambe, si wa smartphone pekee, kutuma namba ya leseni kwa ujumbe mfupi na kujibiwa kama hiyo nyumba inajulikana. Mpesa tulijifunza hivyo hivyo, kwa simu ndogo. Wageni wa mechi watajipanga na ubalozi wao. Mama wa barua ya rufaa pale Machakos Country Bus hana ubalozi hapa. Ana namba moja aliyopewa na mtu wa kijiji, na anaipiga akiomba Mungu ishikwe.

Kwa hivyo leo nakuachia kazi. Kama kuna mahali ulilala Nairobi, ukalipa na doh zako, ukaamka salama na ukamaliza kilichokuleta, tushow hapo chini: uliletwa na nini, bei, mwezi, na kitu chenye kilikukera. Anza na za upande wa Kenyatta Hospital, juu hao ndio huwa wanafika usiku.